Ultrasaundi si mionzi: Mwangwi, 'eko' na istilahi zinazomtia mgonjwa hofu

MUUGUZI mmoja wa kliniki ya wajawazito ameniandikia, akaambatisha na karatasi ya maelezo ambayo akina mama hupewa wanapofika pale mara ya kwanza. Karatasi yenyewe imeandikwa kwa Kiswahili, na hilo ni la kupongezwa. Tatizo ni sentensi moja. Inasema kuwa mama 'atamulikwa tumbo kwa mionzi ya sauti ili hali ya mtoto ijulikane'. Muuguzi anauliza iwapo 'mionzi ya sauti' ni Kiswahili sanifu, maanake, asema, wapo akina mama ambao wakishalisoma neno hilo 'mionzi' huikunja karatasi, wakaenda zao na wasirudi.

Kisarufi hamna kosa. Kifizikia lipo, tena kubwa.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Mwonzi, mionzi. Kwa asili ni mstari wa mwanga, kama ule upenyao kwenye ufa wa dirisha asubuhi. Lakini neno halibaki pale kamusi ilipoliweka. Kwa Mkenya wa leo mionzi ni eksirei, ni ile tiba ya saratani inayomnyonyoa mtu nywele, ni bomu la Hiroshima. Na hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Eksirei, aliyoigundua Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka wa 1895, ina nguvu za kung'oa elektroni kutoka kwenye atomi, na ndiyo sababu wahudumu huwa na hadhari nayo mbele ya mjamzito. Ultrasaundi haimo katika ukoo huo kabisa. Ni sauti. Ni mtikisiko unaopita mwilini jinsi mlio wa ngoma unavyopita hewani. Mama aliyeikimbia karatasi ile amekimbia sauti akidhani anakimbia eksirei.

Wala si yeye wa kulaumiwa. Chumba cha ultrasaundi mara nyingi kiko katika kitengo kile kile cha radiolojia, ujia ule ule wenye mabango ya kutahadharisha watu kuhusu mionzi. Na sisi wenyewe mtaani tumezoea kusema tu 'nimetumwa picha'. Mtu amepigwa picha ya kifua, picha ya kichwa, picha ya tumbo, picha ya goti. Neno moja limebeba mashine nne: eksirei ya kawaida, ile skani ya kompyuta ya CT ambayo nayo hutumia eksirei, ile ya MRI inayotumia sumaku na mawimbi ya redio, na ultrasaundi inayotumia sauti. Mbili za kwanza ndizo zenye mionzi ya kuangaliwa kwa hadhari. Mbili za mwisho hazina.

Si mjadala wa wanaisimu kunywea chai huu. Tangu mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza mjamzito afanyiwe ultrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24, ili umri wa mimba ukadiriwe vyema, na mapacha na dosari za kimaumbile ziweze kutambuliwa mapema. Sheria yetu ya Afya ya mwaka wa 2017 nayo inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa mambo kwa lugha anayoielewa. Lugha anayoielewa si ile tu ambayo maneno yake anayajua. Mama yule aliyajua maneno yote mawili, 'mionzi' na 'sauti'. Akayaelewa vizuri sana, na ndiyo maana akaondoka.

Basi tuanzie nyumbani, kwenye neno ambalo hatukulikopa juzi: mwangwi. Kila aliyewahi kuita kwenye bonde lenye magenge analijua. Unaita 'weee', na genge linakuitikia 'weee'. Kiswahili ni tajiri wa majina ya sauti: mlio, kishindo, mvumo, ngurumo, mrindimo, mtutumo. Wanafunzi wangu hudhani kuwa hizi ni pambo la washairi. La. Kila moja lina mpaka wake. Ngurumo ni ya radi au simba, mrindimo ni wa ngoma nzito, mvumo ni wa upepo au maji au nyuki. Mwangwi una sifa moja ambayo hayo mengine hayana: ni sauti iliyokwenda, ikagonga kitu, ikarudi. Bila kitu cha kuirudisha hakuna mwangwi. Wanafizikia wanaoandika kwa Kiswahili husema sauti 'imeakisiwa', kitenzi kile kile tunachokitumia kwa kioo na nuru, na nadhani walichagua vyema.

Na mwangwi una masharti. Sikio la binadamu huhitaji takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde ili kutenganisha sauti iliyotoka na ile iliyorudi. Sauti hewani husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Fanya hesabu: kwenda na kurudi ni mita 34, kwa hivyo ukuta sharti uwe umbali wa mita 17 hivi ndipo uusikie mwangwi wazi. Ukiwa karibu zaidi, sauti zinazorudi hujazana juu ya ile ya kwanza, ikawa kama imenona. Ndiyo siri ya wale wanaojiona mahodari wa kuimba bafuni.

Hesabu hiyo ikigeuzwa ndiyo ultrasaundi nzima. Simama mbele ya genge, piga kofi, na uhesabu sekunde mbili kabla mwangwi haujafika. Sauti imekwenda mita 680, nusu yake ni 340, na huo ndio umbali wa genge. Hukuliendea wala hukulipima kwa kamba. Ukijua kasi ya sauti na muda wa mwangwi, umbali unajileta wenyewe.

Popo wamelijua hilo kabla yetu sote. Mwishoni mwa karne ya 18, Lazzaro Spallanzani wa Italia alishangaa kuona kwamba popo waliopofushwa waliendelea kuruka bila kugonga kitu, na Louis Jurine wa Geneva akaonyesha kwamba walioziba masikio ndio waliopotea njia. Jambo hilo halikueleweka hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, pale Donald Griffin na mwenzake Robert Galambos huko Marekani walipotumia chombo kilichoweza kunasa milio ambayo masikio yetu hayaisikii. Popo walikuwa wakipiga kelele muda wote, na binadamu walikuwa wamesimama pale pale wakisema usiku umetulia. Si popo wote, lakini. Wengi wa wale popo wakubwa wa matunda hutegemea macho na pua. Walio tofauti ni wa jamii ya Rousettus, ambao hupatikana hata katika mapango ya Mlima Elgon: hao hualika kwa ulimi gizani na kusikiliza mwangwi wake.

Milio hiyo isiyosikika ndiyo inayotuleta kwenye neno gumu. Ultra, kwa Kilatini, ni 'kupita' au 'zaidi ya'. Ultrasaundi ni sauti iliyopita. Imepita nini? Imepita uwezo wa sikio. Binadamu mwenye masikio mazima husikia mitikisiko kuanzia kama 20 kwa sekunde hadi 20,000 hivi, na uzeeni mpaka huo wa juu hushuka. Mtikisiko mmoja kwa sekunde huitwa hezi, kwa heshima ya mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz. Mashine ya hospitalini hutumia mamilioni: megahezi mbili, tano, kumi na zaidi.

Hapa watafsiri wetu hukwama mara mbili. Kwanza ni hiyo idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Wengine huiita masafa, wengine marudio. Sisi tuliokua na redio za betri tulizoea kuambiwa kwamba kituo fulani kinasikika 'katika masafa mafupi' au 'masafa ya kati'. Masafa ni neno lenye asili ya Kiarabu na maana yake ni umbali, na palepale kwenye redio lilifaa, kwa sababu yaliyokuwa mafupi au marefu yalikuwa mawimbi yenyewe. Kisha zikaja stesheni za FM, na watangazaji wakaanza kusema 'masafa ya tisini na sita nukta tatu', na sasa masafa si urefu tena bali ni idadi ya mitikisiko. Neno moja linabeba vipimo viwili ambavyo vinakwenda kinyume: wimbi likiwa fupi, mitikisiko ni mingi, likiwa refu, mitikisiko ni michache. Mwanafunzi anayesoma kuwa kifaa fulani kina 'masafa ya juu' na kingine 'masafa marefu' atadhani vinafanana, kumbe vimepeana mgongo. Maoni yangu ni kwamba tuseme marudio kwa ile idadi na urefu wa wimbi kwa urefu, na masafa tuwaachie watangazaji.

Pili, na hili ndilo lililonisukuma kuandika makala haya, wako wanaofasiri ultrasaundi kuwa 'mawimbi ya sauti ya juu'. Msomaji, mwambie jirani yako 'punguza sauti, iko juu' uone atafanya nini. Atapunguza ukali wa redio. Katika Kiswahili, sauti ya juu ni sauti kubwa, sauti ya kelele. Kiingereza ndicho kinachopima uembamba wa sauti kwa ngazi, kikasema hii iko juu na ile iko chini. Wanafonolojia tuna neno kidatu kwa jambo hilo, lakini sijasikia likitumika nje ya darasa letu. Watu wa kawaida hupima kwa unene. Mtoto ana sauti nyembamba. Babu ana sauti nene, au nzito. Mwimbaji anayekwenda 'juu' ana sauti inayochomeka kama sindano. Kwa hivyo mama aliyeambiwa kwamba tumbo lake litapigwa na sauti ya juu ana haki ya kuuliza kama mtoto hataziba masikio.

Ukisema kwamba ultrasaundi ni sauti nyembamba kupindukia, nyembamba hadi sikio haliishiki, umesema kweli ya kifizikia kwa Kiswahili cha nyumbani. Tena kweli nzuri sana, kwa kuwa wembamba wenyewe ndio unaofanya kazi. Katika nyama laini za mwili sauti husafiri takriban mita 1,540 kwa sekunde. Kwa megahezi tano, wimbi moja lina urefu wa kama theluthi moja ya milimita. Wimbi nene haliwezi kukuonyesha kitu chembamba, sawa na vile huwezi kupapasa uzi ukiwa umevaa glavu za kuchomelea vyuma. Wimbi jembamba huona vidogo, ila huchoka upesi na haliendi mbali. Ndiyo maana mpimaji huwa na zaidi ya kidude kimoja: cha wimbi jembamba kwa tezi ya shingoni au titi, cha wimbi nene kidogo kwa ini lililojificha ndani.

Kidude hicho kinafanyaje kazi? Mwaka wa 1880 ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: ukizipa umeme, hutikisika. Basi fuwele ile ile inaweza kupaza sauti na kusikiliza. Hupewa umeme kwa kitambo kidogo mno, ikapiga mlio, kisha ikanyamaza ingoje mwangwi. Mwangwi ukirudi huibana fuwele, ikatoa umeme, na kompyuta ikahesabu muda. Kitu kilicho sentimita 7.7 ndani ya mwili hurudisha mwangwi baada ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kila penye mwangwi kompyuta inaweka nukta, na nukta zikishakuwa nyingi unapata ile picha ya kijivu inayowatoa akina baba machozi.

Jeli ile baridi nayo si manukato. Sauti iliyo mwilini ikikutana na hewa, karibu yote hurudishwa. Tabaka jembamba tu la hewa kati ya kidude na ngozi lingetosha kuziba kila kitu, na jeli huiondoa. Na kule kuambiwa 'kunywa maji mengi na usiende msalani' kunatokana na jambo hilo hilo. Matumbo yana hewa. Kibofu kilichojaa huyasukuma kando, na maji yake huipitisha sauti bila bughudha mpaka kwenye mji wa uzazi. Nimewahi kuwasikia watu wakilalamika kuwa wanateswa bure. Wangeelezwa hivyo kwa sentensi mbili wangevumilia.

Historia yake nitaipita haraka. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Mfaransa Paul Langevin alitumia fuwele za kwazi kusaka nyambizi kwa mwangwi baharini. Mwaka wa 1953, huko Lund nchini Uswidi, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walipima moyo unaodunda kwa njia hiyo. Na mwaka wa 1958 Ian Donald wa Glasgow na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet makala iliyofungua mlango wa ultrasaundi katika magonjwa ya wanawake na uzazi. Huyo Hellmuth Hertz, kwa wanaopenda nasaba, baba yake Gustav alikuwa mpwa wa yule Heinrich wa hezi.

Sasa tuite nini? Uundaji wa istilahi una njia zake zinazojulikana. Tunatohoa, kama eksirei. Tunafasiri sitiari, kama saratani, ambayo kwa Kiarabu ni kaa yule wa pwani, sawa na ilivyo katika Kilatini. Tunaunganisha herufi na silabi, kama UKIMWI. Tunaambatisha maneno, kama tarakilishi, iliyotokana na tarakimu na akili. Tarakilishi hapa Kenya ilifundishwa shuleni kwa bidii, na bado mtoto akitoka mtihanini anarudi nyumbani kutumia kompyuta. Kwa eksirei zipo kamusi zilizo na uyoka. Neno zuri, fupi, lakini nenda hospitali yoyote useme umetumwa uyoka, utaelekezwa kwa mganga mwingine.

Kwa hiyo siungi mkono jitihada za kuunda neno jipya la ultrasaundi. Limekwisha kuingia. Lina irabu zake, lina mwenzake infrasaundi upande wa chini, na wanafunzi wakijua 'ultra' na 'infra' wanaiona jozi yenyewe. Kwa mnasaba huo, infrasaundi si jambo la kigeni kwetu: ndovu wa Amboseli ni miongoni mwa wanyama ambao watafiti walithibitisha kwao, katika miaka ya 1980, kwamba huwasiliana kwa milio minene kiasi kwamba sehemu yake hatuisikii. Wanaolazimisha 'kiukasauti' waniwie radhi. Kilichokiukwa si sauti bali sikio, na neno hilo lingewafaa zaidi marubani wa ndege ziendazo kasi kuliko sauti.

Basi ultrasaundi ibaki kuwa jina la kipimo, na mwangwi ufanye kazi ya kueleza. Picha inayopatikana ni picha ya mwangwi. Sentensi ya karatasi ile ningeiandika hivi: 'Mama atafanyiwa ultrasaundi. Kipimo hiki hutumia sauti nyembamba isiyosikika, na mwangwi wake hutoa picha ya mtoto. Hakina mionzi kama ya eksirei.' Ni maneno machache tu, na hakuna hata moja la kumkimbiza mtu.

Kuna neno jingine ambalo lina hatari yake, nalo ni 'eko'. Daktari wa moyo akisema mgonjwa akafanye eko, ana maana ya ultrasaundi ya moyo. Jina limetokana na lile la Kiyunani la mwangwi. Tatizo ni kwamba kipo kipimo kingine cha moyo kinachotajwa kwa herufi tatu, ECG, ambacho wengi hukitamka 'isiji', na sikioni mwa mtu aliyejaa wasiwasi eko na isiji ni ndugu. Mtu anatoka kijijini na karatasi, anafika kituoni, anasema ametumwa kile kipimo cha moyo kinachoanza na 'e'. Anarudi na mchoro wa mistari iliyopinda-pinda na daktari anamwambia si hicho. Nauli imekwenda na siku imekwenda.

Vipimo hivi viwili havijibu swali moja. ECG ni mchoro wa umeme wa moyo. Huonyesha mapigo yanavyopangika. Eko huonyesha moyo wenyewe ukifanya kazi: kuta zake, nguvu ya kusukuma damu, vali zinazofunguka na kufungwa. Na vali si jambo dogo kwetu. Mtoto akiugua koo, asitibiwe ipasavyo, huweza kupata homa ya baridi yabisi ambayo baadaye huziharibu vali za moyo. Uharibifu huo hubainishwa kwa eko, na mwaka wa 2012 Shirikisho la Moyo Duniani lilitoa vigezo vya kuutambua kwa kipimo hicho. Mchoro wa umeme hauwezi kukuonyesha vali ilivyo. Kwa hivyo ningependa daktari aandike, chini ya lile jina lake la Kiingereza, 'ultrasaundi ya moyo' kwa hiki na 'mchoro wa umeme wa moyo' kwa kile. Zamani nilipendelea 'mwangwi wa moyo' kwa ufupi wake, lakini mwenzangu mmoja kutoka Mombasa aliniambia hicho ni kichwa cha wimbo wa taarabu, na sina jibu.

Jina la Doppler halifai kutafsiriwa, kwa sababu ni la mtu. Christian Doppler alieleza nadharia yake Prague mwaka wa 1842: chanzo cha wimbi kikikukaribia marudio huongezeka, kikikuacha hupungua. Mwaka wa 1845 Mholanzi Buys Ballot aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye garimoshi ili aijaribu. Sisi tunaijaribu kila siku barabarani: honi ya matatu huwa nyembamba inapokujia na hunenepa ikishakupita. Kwa damu iendayo mishipani ni vivyo hivyo. Lakini mashine huipaka rangi, nyekundu kwa damu inayokuja upande wa kidude na samawati kwa inayokwenda mbali nacho. Sasa shuleni tulifundishwa kuchora damu safi kwa wekundu na damu chafu kwa samawati. Mgonjwa anaiona skrini, anaona samawati shingoni mwake, na anajihukumu mwenyewe. Neno moja la mpimaji, 'rangi hii ni mwelekeo tu', linatosha.

Ripoti zenyewe zimejaa mwangwi pia. Daktari akiandika kwamba mahali fulani 'hapana mwangwi', hakusema kwamba pamekufa. Maji hayarudishi mwangwi, kwa hivyo huonekana meusi: kibofu, nyongo, uvimbe-maji. Penye 'mwangwi mkali' pana weupe, kama mfupa au jiwe la nyongo, na nyuma ya jiwe huwa kuna kivuli kwa kuwa sauti haikupita. 'Mwangwi hafifu' ni kati ya hayo mawili. Maneno haya hueleza rangi ya picha, hayatoi hukumu juu ya ugonjwa.

Muuguzi wangu aliongeza swali la mwisho: je, 'virusi vya eko' tuviite 'virusi vya mwangwi'? Hasha. Huko hakuna mwangwi wowote. Jina hilo ni herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza yanayosema kwamba virusi hivi ni vya matumbo, huharibu seli, ni vya binadamu, na ni 'yatima'. Yatima kwa sababu vilipogunduliwa havikuwa na ugonjwa wowote uliojulikana kuwa ni wao. Tofauti na hapo, ekolalia, ile hali ya mtu kurudia maneno ayasikiayo, kama ionekanavyo kwa baadhi ya watoto wenye usonji, ni mwangwi kwelikweli, na ukiniuliza nitakwambia 'usemi wa mwangwi' ni tafsiri isiyo na kasoro. Virusi vya eko navyo tuviache na jina lao.